Baiskeli ya Wifi Yangu, Dobi

Mtu akitaka kumjua wifi yangu, aanze na mikono yake. Viganja vimepauka kwa sabuni na ncha za vidole zimekunjamana kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, hata siku ambayo hajagusa maji. Ni mke wa kaka yangu, na ni dobi. Si dobi wa duka lenye bango na mashine. Ni dobi wa uani, wa mabeseni na kamba, na pasi ya mkaa ambayo joto lake hulipima kwa kuisogeza karibu na shavu. Mtaani wanamwita Dobi. Mimi namwita wifi, na nikitaka kumchokoza namwita bosi.

Ua wake ni mdogo, lakini una nidhamu kuliko ofisi nyingi nilizowahi kuingia kuomba kibali. Kamba zimepishana kutoka ukuta hadi ukuta, na kila kamba ina wenyewe. Iliyo karibu na mlango ni ya mashati ya walimu na makarani. Ya katikati ni ya taulo za vinyozi. Ya mwisho kabisa, kule ukutani ambako hakuna anayepita na ndoo wala mtoto na mpira, ni ya nguo nyeupe: mashuka na makoti ya zahanati iliyoko juu kilimani. Kamba hiyo huifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanika, hata kama aliifuta jana. Shuka la mgonjwa hulikunja ndani nje, ili vumbi la njiani likiingia liguse upande ambao mgonjwa halalii. Hakuna aliyemfundisha, na zahanati yenyewe haijui kwamba anafanya hivyo.

Nilipofika mjini kwa mara ya kwanza nilikuwa na begi na maneno mengi. Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa. Siku niliyobisha hodi alikuwa safarini, na huyu mkewe alikuwa hajawahi kuniona. Angeweza kuniambia nirudi mwenye nyumba akiwepo. Alinitazama usoni kidogo, akasema, "Ingia. Hiyo pua naifulia mashati."

Akanipa kona pembeni ya meza ya kupigia pasi. Nikala, nikalala, nikaamka nikala tena. Kisha siku moja akafungua kabati lake la nguo zilizosahauliwa. Kila dobi ana kabati kama hilo: mteja amehama, amehamishwa kazi, amegombana na mkewe akaondoka bila kuaga, na shati lake limebaki limenyooka likimsubiri. Wifi alikuwa amezitunza mpaka nyingine zikaanza kubadilika rangi kwenye mikunjo.

"Zimekula sabuni yangu, zimekula mkaa wangu," akasema. "Kauze."

Nikauza. Nilipomletea mapato yote akatoa ya sabuni na mkaa, yaliyobaki akanisukumia. "Kaongeze mzigo." Leo nina banda langu, nanunua na kuuza vitanda, makabati, majiko na meza zilizotumika, na nina sifa ya kupunguza bei mpaka muuzaji ahisi baridi. Wanaosema nilianza bila mtaji hawajui. Mtaji wangu ulikuwa mashati ya watu waliosahau. Sisemi hivyo ili mtu atoe leso. Nasema ili ieleweke kwa nini, wifi aliponitumia ujumbe kwamba ana shida, nilifunga banda saa ambayo wateja ndio kwanza wanaingia.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja ameuweka kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine.

"Shingo," akasema.

Miaka yote mashuka ya zahanati alikuwa akiyapandisha kilimani kichwani. Sasa shingo ilikuwa imeanza kudai. Akishika pasi vidole vinakufa ganzi. Juzi alikuwa ameunguza ukosi wa koti la daktari, jambo ambalo halijamtokea tangu azaliwe. Daktari huyo huyo hakulalamika, akampima, akamwambia kichwani asiweke tena hata ndoo. Basi akawa anampa mzigo mtu wa mkokoteni, na mtu wa mkokoteni ni mtu wa mkokoteni: leo kapata abiria wa saruji, kesho gurudumu limetoka. Mashuka yakawa yanafika wagonjwa wameshakalishwa kwenye mabenchi.

Sista mkuu wa zahanati alikuwa amemwita pembeni.

"Dobi, mimi nakupenda, na mashuka yako nayapenda zaidi," alimwambia. "Lakini kuna jamaa ana mashine na pikapu, kila wiki ananipigia simu. Jumatatu nikifungua mlango nataka mashuka yawe hapa. Yasipokuwepo, nampa yeye kazi, na wewe usininunie."

Kazi ya zahanati ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Mashati na taulo ni vya kununulia chumvi. Ikiondoka zahanati, wifi yangu atabaki na ua safi na kamba tupu. Hilo nililielewa bila kuelezwa.

"Sasa unataka nini, wifi?"

"Nataka baiskeli."

"Unajua kuendesha?"

"Nilijifunzia kwenye ya baba. Nikipitisha mguu chini ya bomba, mwili wote upande, kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio."

"Haya. Jumamosi twende kwa wauza baiskeli. Pesa njoo nazo, lakini mdomo uache nyumbani. Kazi ya mdomo ni yangu."

Nikampa masharti ninayowapa wote ninaowasindikiza sokoni. Usitabasamu. Usiseme unahitaji. Unachokitaka usikiguse, gusa cha jirani yake. Muuzaji akiona shida yako usoni, bei inapanda kabla hujafungua pochi. Akaitikia kwa kichwa, na nikadhani tumeelewana.

Jumamosi akatokea amekumbatia furushi kubwa la mashuka, limefungwa vizuri kwa kitambaa, kidevu chake kimekaa juu yake.

"Wifi! Tunakwenda kununua, hatuendi kufua."

"Baiskeli ni ya nani?"

"Ni yako."

"Ni ya huu mzigo. Mimi ni dereva tu. Basi na wenyewe uje ujionee."

"Watu wakikuona na furushi hilo watajua una shida!"

"Shida ninayo," akasema, akatangulia.

Wauza baiskeli wako kwenye uwanja nyuma ya maghala. Baiskeli zimepangwa zimeegemeana kama walevi, magurudumu ya mbele yamepitishwa mnyororo mmoja. Juu ya vibanda zinaning'inia rimu, tairi na madigadi. Chini kuna mabeseni ya maji meusi ya kutafutia pancha. Harufu ni ya gundi na grisi. Kelele zipo za kila aina isipokuwa moja: kengele haisikiki ovyo pale. Uwanja ule una sheria. Ukitaja bei na muuzaji akasema "gonga", umenunua. Unagonga kengele ya baiskeli hiyo, jirani wote wanasikia, mambo yamekwisha. Ukitaja bei ikakubaliwa halafu ukarudi nyuma, hakuna atakayekutukana. Ila kuanzia siku hiyo hakuna atakayekutajia bei ya kweli, pale wala kwingine, maana wauza vitu vilivyotumika wote ni ukoo mmoja kwa masengenyo. Mtu kama mimi, anayeishi kwa kauli yake, hawezi kuchezea jambo hilo.

Nikaenda kwa muuzaji ninayemjua, mwembamba mrefu, wanamwita Spoki.

"Mama Punguza!" akanyanyua mikono. "Leo umekuja kunimaliza?"

"Nimekuja kukusalimia tu, kaka yangu."

"Salamu zako huwa zina gharama. Mwenzako kabeba nini?"

"Mto wa kulalia. Huyu hana haraka na maisha."

Jicho langu lilikuwa limeshaangukia kwenye baiskeli moja nyeusi. Kubwa, nzito, bomba la juu limenyooka kutoka usukani mpaka kwenye kiti, keria pana kama kitanda cha mtoto. Mimi natazama vyuma kila siku; nikiona kitanda najua kitalala watu wangapi kabla hakijalia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mzigo mkubwa, kilima kikali, basi chuma kizito. Kwa hiyo nikashika nyingine, ya bluu, nikaiulizia, nikaguna, kisha nikaigusa nyeusi kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa sufuria la jirani.

"Na hili jeneza unauzaje?"

"Jeneza! Mama Punguza, hiki ni chuma cha zamani, hakijui kuvunjika! Tazama rimu, zimenyooka kama mstari wa rula."

"Kutu je?"

"Kutu ya juu juu, unapangusa kwa kitambaa inakwisha."

"Kiti kimepasuka."

"Hakijapasuka, kimelegea. Kimezoea makalio ya heshima. Alikuwa nayo mwalimu mkuu."

"Ndiyo maana kastaafu."

Tukaenda hivyo. Yeye akashuka kidogo, mimi nikapanda kidogo sana. Yeye akataja watoto wake, mimi nikataja wangu. Nikaondoka, akaniita, nikarudi kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu. Pembeni nikamwona wifi amechuchumaa mbele ya baiskeli ya kijani iliyoko kwenye kona, anautazama mnyororo wake kama anayetafuta chawa. Nikakohoa. Hakugeuka. Nikaendelea na vita yangu, na mwishowe nikataja bei ambayo mimi mwenyewe niliona ni uonevu.

Spoki akatazama mbingu. Akasema, "Gonga."

Hapo moyo unakuwa mtamu, siwezi kudanganya. Nikamwita wifi. "Njoo, bosi. Gonga kengele."

"Ngoja nipakie kwanza," akasema.

Akaweka furushi kwenye keria. Baiskeli ile ilikuwa na stendi ya mguu mmoja, ikalala upande mzigo ulipoigusa, Spoki akaidaka. Wifi akafunga furushi kwa mipira, akashika usukani, akanyanyua mguu wake nyuma ili apande. Mguu ukagota kwenye furushi. Akajaribu juu zaidi, sketi ikakataa. Akaja mbele, akataka kuvuka bomba kutokea kwenye usukani. Sketi ikakataa zaidi. Uwanja mzima ulikuwa umeacha kazi.

"Mama, panda kama farasi!" mmoja akapiga kelele kutoka kwenye beseni la pancha.

"Farasi ni wewe na hayo meno," akajibu bila kugeuka.

Spoki, kwa nia njema, akasema, "Pitisha mguu chini ya bomba, mama. Inawezekana."

"Najua inawezekana. Nilifanya hivyo sina meno ya mbele. Sasa meno ninayo, na nimebeba mashuka ya wagonjwa." Akanigeukia. "Wifi, sigongi."

Nikamvuta pembeni. "Unajua bei niliyoipata? Hutaiona tena mpaka uzeeke!"

"Bei siipandi, wifi. Napanda baiskeli."

"Si utazoea tu?"

"Sikiliza." Akainua vile vidole vyake vilivyokunjamana, akaanza kunionyesha njia hewani. "Nikitoka nyumbani naanza kwa kinyozi, nashusha taulo. Napanda. Kwa mwalimu, nashusha mashati. Napanda. Kwa fundi cherehani, halafu ndiyo nishike kilima. Kila nikishuka, mzigo wa zahanati uko palepale nyuma. Sasa niufungue wote ndipo nipate pa kupitisha mguu? Mzigo wa Jumatatu utafika Jumanne. Na tazama mnyororo, uko wazi. Ncha ya shuka ikigusa hapo, doa la grisi halitoki hata kwa maombi."

Mimi nilikuwa nimenunua chuma. Yeye alikuwa amekuja kununua kupanda na kushuka. Lakini bei nilikwisha kuitaja, na Spoki alikwisha kusema. Alikuwa amesimama pale amekunja mikono, na majirani zake wananitazama kuona Mama Punguza ni mtu wa namna gani.

Nikaenda kwenye ile nyeusi. Nikagonga kengele. Nikatoa pesa kwenye mkoba wangu mwenyewe, si wake, nikalipa yote.

"Umefanya nini?" wifi akanong'ona.

"Nimenunua baiskeli. Sasa nyamaza, kazi haijaisha." Nikamgeukia Spoki. "Kaka yangu, nina baiskeli nauza."

"Baiskeli gani?"

"Hii. Chuma cha zamani. Hakijui kuvunjika."

Akaitazama kengele niliyoigonga sasa hivi.

"Tazama rimu," nikamwambia. "Zimenyooka kama mstari wa rula."

"Hayo maneno yangu!"

"Ulikuwa unadanganya?"

Yule wa beseni la pancha akaanza kucheka. Spoki akaizunguka baiskeli yake ya dakika iliyopita kama anaiona leo. "Ina kutu," akasema.

"Ya juu juu. Unapangusa kwa kitambaa."

"Kiti kimepasuka, mama."

"Kimelegea! Makalio ya heshima yale. Au mwalimu mkuu umeshamvunjia heshima?"

Sasa uwanja mzima ulikuwa unashika mbavu, na Spoki mwenyewe akashindwa, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mtu akicheka hivyo, biashara inaanza upya. Nikamwonyesha ile ya kijani kwenye kona. Nikamwambia nampa nyeusi, na juu yake wifi ataongeza, na tusipotezeane muda. Bomba la kijani limepinda kushuka chini, unapita katikati kama unavyovuka kizingiti. Ina madigadi mawili mazima, mnyororo umefunikwa kava lake lote, stendi ya miguu miwili. Spoki akasema hiyo wanaigombania, kila siku mtu anaiulizia. Nikasema ndiyo maana bado ipo hapa. Akasema nitamfilisi. Nikasema nitamtembelea.

Lakini kabla hajasema neno lolote la mwisho, wifi akanishika mkono. "Safari hii usitaje bei mpaka nimeijaribu."

Nikafunga mdomo wangu. Waliokuwepo wanaweza kushuhudia, maana jambo lenyewe ni adimu.

Akaisimamisha kwa stendi, akapakia furushi, akalisukuma kwa kiganja, baiskeli haikutikisika. Akapita katikati, akakaa. Miguu haikufika chini vizuri. Spoki akashusha kiti. Akazunguka uwanja, akashuka, akapanda, akashuka tena mbele ya mlango wa kila kibanda kana kwamba anagawa nguo, na kila alikoshuka wakamsalimia, "Karibu, Dobi, langu la bluu umelileta?" Kisha akaielekeza kwenye ule mteremko wa saruji unaopandia malori ghalani. Katikati akakwama. Akaweka mguu chini, akarudi kinyumenyume, uso umejikunja.

"Hapana. Kilima changu ni kikali kama hapa."

Nilidhani tumepoteza tena. Spoki akainama akatazama gurudumu la nyuma. "Mama, hii gia yake ni ya mjini, ya kutembelea. Naweza kukuwekea yenye meno mengi. Utapanda kilima ukiimba. Ila kwenye tambarare utakwenda polepole."

"Kwenye tambarare nani ananikimbiza?"

Spoki akabadilisha gia papo hapo. Akabadilisha na raba za breki bila kuombwa, maana alisema mtu anayepanda lazima atashuka. Na alipoona keria ni nyembamba kuliko furushi, akaenda nyuma ya kibanda akarudi na ubao, akausugua kingo kwa msasa ili usichane mashuka, akaufunga kwa waya. Ubao huo hakuuweka kwenye bei. Nilimpa jicho la kumuuliza. Akasema, "Mke wangu kajifungulia kwenye zahanati ya kilimani. Alilazwa kwenye shuka lililonyooka." Mimi si mtu wa kubembeleza wauzaji, lakini siku hiyo nilimshika mkono Spoki na kusema asante, na sikuitaja kwa ajili ya kupunguziwa.

Wifi akarudi kwenye mteremko. Akaupanda. Si kwa kasi, kwa kusukumasukuma, mgongo umeinama, lakini akafika juu, akageuza, akashuka ameshika breki. Ndipo tukamaliza bei, na yeye mwenyewe akagonga kengele.

Njiani, akiisukuma, akaanza. "Wifi, ile nyeusi umeilipia wewe. Nitakuwa nakupa kidogo kidogo."

"Ile nyeusi niliinunua kwa mdomo wangu. Na mdomo wangu ulikula kwako bure mwaka mzima."

Akafikiri. "Ulikula sana," akasema.

"Nilikuwa nakua."

"Ulikuwa mtu mzima!"

Tukacheka, na suala hilo hatukulizungumza tena.

Jumatatu nilikuwa na sababu ya kwenda zahanati. Nilikuwa nimesikia wana vitanda vya zamani wanataka kuviondoa, na vitanda ni kazi yangu. Ilitokea tu kwamba niliamua kuviulizia alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa. Mvua ilikuwa imepita usiku, barabara ya kilima ilikuwa nyekundu na laini. Pikapu ya yule jamaa wa mashine ilikuwa imeshaegeshwa langoni, na mwenyewe ndani, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, ametulia kama mtu aliyealikwa.

Sikuona baiskeli. Nikatazama barabara mpaka macho yakauma. Kisha kwenye kona ya chini kikatokea kitu cha kijani, na juu yake kitu cheupe kilichofunikwa nailoni. Alikuwa anakuja polepole, zigi-zaga, kutoka ukingo huu hadi ule ili kukipunguza kilima. Penye tope zito akashuka, akasukuma, akavuka. Akapita katikati, akakaa, akaendelea. Mzigo haukufunguliwa. Nilijikuta nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa gauni.

Sista mkuu akafungua mlango wakati wifi anaikanyaga stendi.

"Dobi?"

"Sista. Shikamoo ya asubuhi, nimetota mimi tu."

Sista akafunua nailoni. Akaingiza mkono katikati ya mashuka, chini kabisa, akauacha humo kidogo. Akautoa, akaunusa. Akamtazama wifi, tope mpaka magotini, na ile sketi, na ile baiskeli. Watu wa zahanati asubuhi hawana muda wa sifa. Alirudi ndani akatoka na furushi la mashuka machafu, akampa.

"Ijumaa tena," akasema. Kisha akaenda kwenye pikapu. "Kaka, asante kwa kufika. Nikipata kazi ya mapazia nitakupigia."

Jamaa akamwaga chai yake, akawasha gari. Hakukasirika, hata akampungia wifi mkono, nami nikamshukuru moyoni kwa hilo, kwani mwenye kushindwa vizuri ni nadra katika biashara.

Nikadhani sasa wifi atapumua, atasema neno. Badala yake alikuwa amesogea kwenye dirisha la wodi, amesimama hajiegemezi. Ndani wauguzi walikuwa wanatandika. Mmoja alilishika shuka kwa ncha akalitupa juu. Likafunguka lote hewani, jeupe, likashuka juu ya godoro bila mkunjo. Wakaenda kitanda cha pili. Mgonjwa mmoja, mama mtu mzima, akasaidiwa kupanda, akalala, akapitisha kiganja juu ya shuka kwenda na kurudi.

"Sijawahi kuyaona yakitandikwa," wifi akasema. "Miaka yote hii. Nilikuwa nikifika naweka chini, nashika shingo, nageuka naondoka."

Akabaki pale mpaka kitanda cha mwisho. Midomo yake ilikuwa inatikisika, na nilisikia kwamba anashukuru: Mungu kwanza, kisha daktari, kisha Spoki na ubao wake, kisha mimi, kwa utaratibu ule ule anaopangia kamba zake. Nami nikamshukuru yeye, kimyakimya, maana kwa sauti angenicheka.

"Haya," akasema, akifunga mashuka machafu kwenye keria kwa mipira. "Leo nimeanza na huku, kinyozi anasubiri taulo. Na wewe si ulikuja kwa ajili ya vitanda?"

"Nimekuja kwa ajili ya vitanda."

"Basi nenda kaviulizie, wifi. Usisimame hapa na hayo macho mekundu, watakupandishia bei."